Mzazi Anaposahau: Wazee, Watunzaji Wao na Kituo cha Mchana





Katika darsa letu la jioni muhula huu liliulizwa swali ambalo halikupata jibu la kutosha kabla ya adhana ya Isha. Dada mmoja ambaye kwao ni Ombaci alieleza kwamba bibi yake mzaa baba amepotewa na kumbukumbu kiasi cha kutowatambua watoto aliowazaa. Anayemhudumia usiku na mchana ni mama yake huyo dada, yaani mkaza mwana. Akauliza: lau pangekuwepo mahali pa kumpeleka bibi asubuhi na kumrudisha jioni, je, kumpeleka kungehesabiwa kuwa ni kumtupa mzazi? Ndugu mmoja alijibu upesi kwamba vituo vya wazee ni desturi za Wazungu, na kwamba Aya ya Suratul Israa imeshakata shauri. Wengi walitikisa vichwa kukubali, na dada akanyamaza.

Aya hiyo tuisome taratibu. Katika Suratul Israa, Aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke Yake na amri ya kuwafanyia ihsani wazazi wawili. Kisha ametaja hali maalumu: mmoja wao, au wote wawili, wanapofikia uzee. Hapo amekataza hata ule mguno mdogo wa kuchoshwa, "uff", akakataza kukemea, akaamrisha kauli ya heshima na bawa la unyenyekevu. Haya tunayajua tangu madrasa. Lakini ndani ya Aya kuna neno ambalo ulimi hulipita haraka, nalo ni "indaka", maana yake kwako, mahali ulipo. Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 Hijria, amelisimamia neno hili katika tafsiri yake. Anaeleza kwamba wazazi wamefika hali ya kuwa mzigo kwa mtoto, hawana mwingine wa kuwasimamia, wako nyumbani mwake na chini ya ubawa wake, na kwamba hali hiyo ni nzito zaidi kwake na inahitaji subira zaidi. Anaongeza kuwa huenda mtoto akalazimika kuwafanyia yale ambayo wao walimfanyia alipokuwa mchanga, na tunajua ni yapi.

Tazama basi. Qur'ani haikusema kwamba kumtunza mzee ni kazi nyepesi kwa mwenye imani. Imekataza "uff" kwa sababu hali yenyewe huitoa "uff" kifuani mwa mtu. Na imetaka uzee wa mzazi uwe "kwako". Kwa hiyo swali la dada yetu linaweza kuulizwa vizuri zaidi hivi: ni kitu gani kitakachomwezesha mzazi aendelee kuwa "kwako", bila aliye pembeni yake kuvunjika?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Waarabu huita hali hii kharaf. Madaktari huiita dimenshia. Katika Kiswahili tunasema ugonjwa wa kusahau, ingawa kusahau ni mlango wake tu. Mgonjwa husahau alichokisema dakika tano zilizopita na hukumbuka vizuri mambo ya miaka hamsini nyuma. Baadaye hupotea njia ya nyumbani, huvaa nguo kinyume, huacha moto ukiwaka, huwatuhumu watu wa nyumbani kuwa wamemwibia fedha, na usiku hukesha akizunguka. Dimenshia si ugonjwa mmoja. Ni hali inayoletwa na maradhi mbalimbali ya ubongo, na linaloongoza ni lile lililopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeeleza habari za mgonjwa wake mwaka 1906. Jingine ni uharibifu wa mishipa ya damu ya ubongo, ambao mara nyingi hufuata kiharusi au shinikizo la damu lisilotibiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Kwa hiyo anayesema huu ni ugonjwa wa Wazungu hajahesabu.

Naomba hapa nikatize kidogo kwa jambo la haraka. Si kila mzee anayesahau ana dimenshia. Malaria, uambukizo wa njia ya mkojo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni kubwa, hata baadhi ya dawa, vyote vinaweza kuivuruga akili ya mzee, na vingi katika hivyo vinatibika. Mzee aliyebadilika ghafla, kwa siku mbili au tatu, apelekwe hospitali ya rufaa ya Arua siku hiyo hiyo. Asipelekwe kwanza kwa mganga, wala pasiitwe kikao cha ukoo kutafuta nani amemroga.

Sisi Waislamu hali hii si ngeni katika Kitabu chetu. Suratun Nahl Aya ya 70 na Suratul Hajj Aya ya 5 zinataja umri dhalili, ambapo mtu hurudishwa hali ya kutojua chochote baada ya kuwa alijua. Suratu Yasin Aya ya 68 inataja kuwa anayepewa umri mrefu hugeuzwa katika umbo lake. Na katika Sahihi ya Bukhari, kwa riwaya ya Sa'd bin Abi Waqqas, Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge asirudishwe kwenye umri huo. Dua hii watu huisoma kila siku, lakini wapo wanaoitumia vibaya. Wanasema: kama mtu anajikinga nayo, basi aliyepatwa nayo ana dosari, pengine hakuisoma Qur'ani kwa ikhlasi. Maneno haya nimeyasikia yakisemwa msibani, mbele ya watoto wa marehemu.

Jibu lake liko katika elimu ambayo sisi wanafunzi wa taaluma za Kiislamu tunaisoma kwa ajili ya mtihani na kuisahau baada yake, yaani elimu ya wapokezi wa Hadithi. Ibnus Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, katika utangulizi wake mashuhuri ametenga fungu zima, la 62, kwa wapokezi waaminifu ambao akili zao zilichanganyikiwa mwishoni mwa umri. Istilahi yake ni ikhtilat, na mwenye hali hiyo huitwa mukhtalit. Miongoni mwa waliotajwa yumo Ata' bin as-Sa'ib wa Kufa, na yumo Sa'id bin Abi Aruba wa Basra, mmoja wa wapokezi wakubwa wa mji wake. Huyo Ata' alikuwa msomaji wa Qur'ani, aliyeichukua kisomo kutoka kwa Abu Abdirrahman as-Sulami. Kama kuisoma Qur'ani kungekuwa kinga isiyovunjika, Ata' asingekuwemo katika fungu lile. Maradhi ni maradhi. Manabii wameugua, na wema wameugua.

Angalia sasa namna wanazuoni wale walivyowatendea wazee wao. Hawakusema Ata' ni mwongo. Hawakuifuta elimu yake yote kwa sababu ya miaka yake ya mwisho. Walikaa wakachunguza: nani alisikia kutoka kwake kabla, na nani alisikia baada. Waliosikia kabla, kama Shu'ba na Sufyan ath-Thawri, riwaya zao kutoka kwake zilipokewa. Zilizosikiwa baada ziliwekwa kando, bila matusi. Hii ni adabu ya hali ya juu. Wamemtenganisha mtu na ugonjwa wake kwa ufundi ambao hospitali nyingi za leo zingeuonea wivu. Mzee wa Ombaci aliyekuwa fundi cherehani, au mwalimu wa madrasa, au mwanamke aliyewavusha watoto sita mpaka Sudan akiwa na chungu kimoja kichwani, uhai wake wote haupimwi kwa miezi hii anayokojoa kitandani.

Na kuna habari ya Jarir bin Hazim, aliyefariki mwaka 170 Hijria. Abdurrahman bin Mahdi ametueleza kwamba Jarir alipoanza kuchanganyikiwa, alikuwa na wana ambao wenyewe ni watu wa Hadithi. Walipoihisi hali ile kwa baba yao walimzuia asikutane na wanafunzi, na kwa hiyo hakuna aliyesikia kutoka kwake chochote wakati wa kuchanganyikiwa kwake. Kwa ajili hiyo jina lake lilibaki safi katika vitabu mpaka leo.

Habari hii inahitaji kusomwa kwa uangalifu, maana mtu anaweza kuitumia kuhalalisha jambo la aibu. Wana wa Jarir walimwondoa baba yao kwenye kiti cha kufundishia. Walimkinga na watu ambao wangeyaandika maneno yake bila kujua kuwa mwenye maneno hayupo tena. Hiyo ni sitara. Kumfungia bibi chumbani kwa kufuli ya nje tangu asubuhi mpaka watu warudi sokoni ni jambo jingine kabisa. Aliyefichwa kwa ajili ya heshima yake na aliyefichwa kwa ajili ya aibu yetu hawako sawa, hata kama mlango uliofungwa ni mmoja. Na nasema kwa haki: wengi wanaofunga mlango ule si makatili. Ni watu waliokosa wa kumwachia.

Hapo ndipo tunapofika Ombaci yenyewe, kilomita chache kaskazini mwa katikati ya Arua. Mzee mwenye miaka 80 Ombaci leo si sawa na mzee mwenye miaka 80 wa mahali pengine. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979, na vita vilipoingia West Nile mwaka uliofuata, watu wetu walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwashambulia raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, wakaua wengi. Aliye na miaka 80 leo wakati ule alikuwa mtu mzima mwenye watoto mgongoni na mkononi.

Nimesema kuwa ugonjwa huu hula kumbukumbu mpya kwanza na kuziacha za zamani. Basi fikiri maana yake hapa kwetu. Bibi aliyesahau kuwa mumewe amefariki, aliyesahau kuwa ana wajukuu chuoni, anaweza kubaki na mwaka 1981 ukiwa mzima ndani ya kichwa chake. Lori likipita kwa kishindo anakusanya nguo na kusema twendeni. Mvulana wa nyumbani akivaa koti la rangi ya kijani anajificha. Watu wa nyumbani humwambia, "Bibi, vita viliisha zamani," naye huona kuwa wanamdanganya ili auawe. Wanaowatunza wagonjwa hawa hufundishwa wasishindane na mgonjwa kuhusu ukweli wa tarehe. Washughulikie hofu yake. Umshike mkono, umwambie uko salama, mimi niko nawe, kaa tunywe chai kwanza. Lakini kwa kufanya hivyo ni lazima ujue anachokiogopa. Kijana aliyezaliwa mwaka 2004 ambaye hajawahi kuhadithiwa habari za Ombaci hataelewa kwa nini bibi anatafuta njia ya kwenda Congo saa nane za usiku. Hili ni sababu moja, mbali na nyingine, ya kuwaomba wazee watusimulie wakiwa bado na uwezo, na tuandike.

Sasa tumtazame mtunzaji. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa wanawake ndio wanaotoa takriban asilimia 70 ya saa zote za kuwatunza watu wenye dimenshia. Katika nyumba zetu hesabu hiyo ina sura: ni mkaza mwana, ni binti ambaye hajaolewa, ni mjukuu wa kike aliyeachishwa shule kidato cha pili kwa sababu "kuna mtu wa kukaa na bibi". Mwana mwenyewe, ambaye Aya ya Israa inamhutubu, yuko Kampala au Juba anatuma fedha, na akirudi Idi anaketi na mama yake nusu saa, anatoka akiwa na machozi, na watu wanasema: mwana mwema.

Hapa fiqhi ina neno ambalo vijana wa kiume hatupendi kulisikia. Wajibu wa kuwahudumia wazazi uko juu ya watoto wao. Wanazuoni wengi wamebainisha kuwa mke halazimiki kisheria kuwahudumia wazazi wa mumewe. Akifanya ni ihsani yake, na ana malipo makubwa, na mume anapaswa kumshukuru kama anavyomshukuru aliyemlipia deni. Yule mtu wa pangoni, katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, aliyejipendekeza kwa Mola wake kwa amali ya kuwatendea wema wazazi, alisema kuwa alichelewa siku moja, akawakuta wazee wake wamelala, akasimama vichwani mwao na maziwa mkononi hali watoto wake wanalia miguuni pake, mpaka alfajiri ikapambazuka. Hadithi inamtaja yeye mwenyewe akisimama. Tena ilikuwa usiku mmoja, naye akauhesabu kuwa amali kubwa ya maisha yake kiasi cha jiwe kusogea. Mtunzaji wa mwenye dimenshia hukaa usiku kama ule miaka mitano, minane, kumi.

Tena Sharia haikumwambia mtu ajiangamize. Salman alipomtembelea Abud Dardaa na kuona namna ibada yake ilivyomfanya aisahau nyumba yake na mwili wake, alimwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alisema Salman amesema kweli. Iko katika Bukhari. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kula haki za mwili, mtunzaji ana haki ya kulala usingizi, kwenda kliniki na mtoto wake, kwenda kwenye msiba wa kwao, na kukaa saa mbili bila kuitwa.

Sasa turudi kwenye kituo cha mchana. Si nyumba ya wazee. Nyumba ya wazee mtu huhamia, kama zile za Sebleni na Welezo kule Zanzibar, ambazo zimewahifadhi wazee wasio na wa kuwatunza, na hilo nalo ni jambo la kheri kwa asiye na jamaa. Kituo cha mchana mtu huenda na kurudi. Hospitali ya mchana ya kwanza iliyojengwa mahususi kwa ajili ya wazee ilifunguliwa Oxford, Uingereza, mwaka 1958. Mfano unaonivutia zaidi ni wa San Francisco, Marekani, katika mtaa wa Wachina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamii za wahamiaji pale walikuwa na wazee dhaifu, na walichopewa na mfumo wa nchi ile ni nyumba za wazee tu. Hawakutaka. Desturi yao, kama yetu, iliwaambia mzazi hukaa nyumbani. Mwaka 1971 wakaunda shirika waliloliita On Lok, na mwaka 1973 wakafungua kituo cha mchana: mzee anachukuliwa asubuhi, anakula chakula anachokijua, anasikia lugha yake, anaonwa na muuguzi, jioni yuko kwake. Wao walikianzisha kituo ili wazazi wasihamishwe nyumbani. Ndugu yetu aliyesema haya ni mambo ya Wazungu angeshangaa kujua kwamba mfano huu mkubwa wa Marekani ulianzishwa na watu walioikataa desturi hiyo hiyo anayoikataa yeye.

Mfano wa pili ni wa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1993, ambapo vilianzishwa vituo vya kukutania vinavyompokea mgonjwa na mtunzaji wake kwa pamoja, katika majengo ya kawaida ya mtaa. Mgonjwa ana shughuli zake, na mtunzaji ana mkutano wake wa kuelezwa ugonjwa unakwendaje na kukaa na wenziwe. Jengo halikuwa sharti, bali watu na ratiba.

Basi majengo yetu tunayajua. Madrasa nyingi za Arua na Koboko hujaa alasiri na mwishoni mwa wiki. Asubuhi ya siku za shule ziko wazi, mikeka imekunjwa, ndoo za udhu zimejaa, mlinzi anasinzia. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, siku mbili kwa wiki, hapo ndipo kituo kingeweza kuanza, kwa wazee sita au wanane, si zaidi. Mtu mmoja kwa wazee watatu, na daima awepo mwanamke kwa wanawake na mwanamume kwa wanaume, kwa sababu kumsafisha mgonjwa kuna mipaka ya uchi. Dharura huruhusu, lakini dharura isipangwe kuwa desturi. Lango liwe na komeo ambalo mgonjwa halifungui kirahisi, maana kutangatanga ndiyo hatari kubwa, na barabara ya Koboko ina malori.

Shughuli? Tusiwaletee michezo ya watoto. Mzee si mtoto, na mwenye dimenshia anajua anapodharauliwa hata kama hawezi kusema. Mpe mwanamke aliyelima maisha yake yote sinia la ufuta apepete, au maharage achambue. Mpe fundi kipande cha kitambaa. Wapelekwe kutembea kidogo uani. Wawe na uji asubuhi, na mchana ugali wa muhogo na mboga za kwao, ulioumbwa vipande vidogo kwa asiyeweza kumega. Na kuna jambo watunzaji wengi wamelishuhudia: aliyesahau jina la mwanawe akisikia Fatiha huiendeleza mpaka Amin. Nyimbo, dhikri na visomo vilivyohifadhiwa utotoni huchelewa kufutika. Kisomo cha pamoja cha nusu saa huwatuliza kuliko redio. Na jirani zetu wa Ombaci wengi ni Wakristo. Mzee wao akiletwa apokewe, na awe huru kuimba ya kwao. Haki ya jirani katika dini yetu haikuulizwa dini yake.

Mtunzaji naye mara moja kwa wiki apate saa moja ya kuketi na wenziwe. Kinachosemwa pale kisitoke pale. Atakayesema "jana nilimpiga" asipigiwe hotuba kabla hajapata mtu wa kumpokea usiku wa leo.

Kituo kama hiki kingekuwa pia mahali pa kuuliza maswali ya fiqhi ambayo familia huyabeba kimya. Nitagusa matatu. La swala: Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengine inaeleza kuwa kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepoteza akili mpaka imrudie. Aliyepoteza akili hana deni la swala, na watoto wasijitese kuhesabu kadha. Anayepata vipindi vya kuwa na akili timamu, anaswali katika vipindi hivyo, na si vibaya mtu kukaa kando yake akamkumbusha rakaa. Mzee akiswali Adhuhuri mara nne, msimkemee. La saumu: mzee dhaifu mwenye akili timamu hulisha maskini badala ya kufunga. Aliyepoteza akili, kwa kauli ya wanazuoni wengi, halazimiki kufunga wala kulisha, kwa kuwa wajibu wenyewe umeondoka.

La mali ndilo linalonitia hofu. Tangu Arua iwe jiji mwezi Julai mwaka 2020, viwanja vya pembezoni vinatafutwa, na Ombaci ni pembezoni. Mzee asiyejua leo ni siku gani hushikwa kidole gumba akaweka alama kwenye karatasi, na ukoo unaamka ardhi imekwenda. Mauzo ya asiye na akili hayasihi katika Sharia, na mashahidi wanaojua hali yake wanashiriki dhuluma. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imeelekeza kuwa mwenye haki akiwa dhaifu au hawezi kuandikisha mwenyewe, msimamizi wake aandikishe kwa uadilifu. Mara tu dalili zinapoanza, hali mzee bado anaelewa, familia ikae naye mbele ya mashahidi, iandike kilicho chake, madeni yake na wasia wake.

Fedha za kituo zitatoka wapi? Serikali huwapa wazee wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi, na wapo wanaozikosa kwa sababu umri uliandikwa vibaya kwenye kitambulisho cha taifa. Kuwasaidia hawa kurekebisha karatasi zao ni kazi ambayo wanachama wetu wanaiweza hata wakati wa likizo. Zaka inaweza kupewa mzee fakiri mwenyewe, lakini kuitumia kujenga au kulipa wafanyakazi kuna khitilafu, kwa hiyo ni salama zaidi kutegemea sadaka na wakfu. Na wakfu una historia katika mlango huu. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyofunguliwa mwaka 1284, iliendeshwa kwa wakfu, ikawapokea tajiri na maskini bila malipo, ikawa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na masharti ya wakfu wake yaliruhusu maskini wagonjwa walioko majumbani mwao wapelekewe dawa na chakula huko huko. Sisi hatuna mali ya sultani. Tuna mashamba machache ya misikiti yanayokodishwa, na kodi ya shamba moja kwa msimu inaweza kununua uji wa wazee wanane.

Linalobaki kuwa gumu ni usafiri. Mzee mwenye dimenshia hafai kupakiwa bodaboda katikati ya watu wawili, ataogopa na atashuka njiani. Gari la kukodi kwa siku mbili kila wiki ni ghali kuliko chakula na mishahara kwa pamoja. Ndiyo maana mimi naona kituo cha kwanza kiwe kwa nyumba zilizo umbali wa kutembea kwa miguu tu kutoka msikiti mmoja, wazee waletwe kwa kushikwa mkono, na wanafunzi wa kiume, ambao majumbani ndio wenye udhuru mwingi zaidi, wawe ndio wanaowashika mkono kwenda na kurudi.